Risasi Inagonga, Mnyama Anaondoka: Utatuzi wa Matatizo kwa Mwenye Bunduki ya Kaliba ya Kati

Ukikaa jioni na wawindaji wa Mwanza wenye vibali, iwe Igoma au Buswelu, hutachelewa kusikia lawama ile ile: bunduki ni ndogo. Mtu kampiga nyumbu, nyumbu kaondoka na risasi mwilini, na mwenye bunduki karudi mjini akiulizia bei ya bunduki kubwa ya kaliba .375. Ukimuuliza anatumia nini, utasikia 7x57, .308 au .30-06. Hizi ni bunduki zisizosumbua bega, na kwa swala, ngiri, nyamera na kongoni zinatosha na kubaki. Ukimuuliza alitia risasi gani, hapo ndipo anapokuna kichwa: "Zile za boksi la njano."

Huenda tatizo liko kwenye lile boksi la njano. Kabla ya kuuza bunduki, pitia dalili zilizo hapa chini. Kila dalili ina sababu zake, na ninayoitaja kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo usiruke kwenda ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayokufurahisha.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda kunataka kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda usiku au kupiga ukiwa ndani ya gari si uwindaji, ni kesi. Kaliba inayokubalika kwa kila mnyama imo kwenye kanuni, basi muulize ofisa wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kabla hujalipia risasi. Kujaza maganda mwenyewe nyumbani bila kibali pia ni kosa; hapa tunazungumzia risasi zilizotoka kiwandani tu.

Dalili ya kwanza: mnyama kapigwa, kakimbia, damu haionekani

Hili ndilo linaloleta watu wengi.

*Sababu ya kwanza ni mahali risasi ilipogonga.* Najua hakuna anayetaka kuisikia. Moyo wa swala na jamaa zake umekaa chini na mbele, katikati ya miguu ya mbele, si nyuma ya bega kama wengi wanavyodhani. Mnyama akiwa amesimama ubavu, fuata mstari wa mguu wa mbele kwenda juu, uishie theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini. Hapo unapata moyo au mapafu. Ukisogea nyuma kiganja kimoja unapata ini. Ukisogea viganja viwili umepata tumbo, na hata .375 haikusaidii.

Pa kuangalia ni pale mnyama aliposimama, kabla hujaanza kukimbia nyuma yake. Damu nyekundu yenye povu inatoka mapafuni, na mnyama hayuko mbali. Damu nzito ya rangi ya maini inatoka kwenye ini. Kaa chini nusu saa. Ukiona majimaji ya kijani yenye vipande vya majani, umepiga tumbo: subiri saa kadhaa kama mwanga unaruhusu, kwa sababu ukimfuata mara moja atainuka na kuhama, nawe hutamwona tena. Angalia na nywele. Manyoya meupe mafupi yametoka chini ya tumbo. Ya mgongoni ni marefu na yameiva rangi.

*Sababu ya pili ni kichwa kigumu mno.* Kwa kichwa nina maana ile sehemu inayoruka, si risasi nzima na ganda lake. Ukikuta boksi limeandikwa FMJ, kichwa hicho kimefunikwa koti gumu la shaba mpaka nchani. Kinapenya swala upande mmoja hadi wa pili na kuacha tundu ambalo kidole kidogo kinaliziba. Mnyama anakufa, lakini anafia mbali, na fisi ndio wanaofaidi. Kwa wanyama wa kawaida unataka SP, yaani kichwa ambacho ncha yake imeachwa wazi, madini ya risasi yanaonekana. Kikigonga nyama, ile ncha inafunguka na kutanuka hadi karibu mara mbili ya upana wake wa kwanza, na tundu la kutokea linavuja vya kutosha kumfuata mnyama hata kwenye nyasi ndefu.

Vichwa vigumu vina watetezi wao, na hawakosi kumtaja Walter Bell, yule Mskochi aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, miaka ya mwanzo ya 1900, na kuua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa 7x57 yenye vichwa vigumu. Ni kweli. Lakini Bell alikuwa anapiga ubongo, alilisoma fuvu la tembo kama fundi anavyosoma ramani ya nyumba, na alihitaji kichwa kinachonyooka ndani ya mfupa bila kutanuka. Wewe unampiga swala pala wa kilo 50 kifuani. Kazi ni tofauti, na risasi ni tofauti.

*Sababu ya tatu ni umbali.* Kichwa cha SP hufunguka kikiwa na kasi ya kutosha. Vingi hutaka takriban mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Risasi ya 7x57 ya greni 140 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) hutoka mtutuni ikiwa na mita 810 hivi kwa sekunde, na ikifika mita 300 imeshakaribia ule mpaka. Vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, ni vizuri sana lakini vinataka kasi zaidi ili vifunguke. Dawa yake ni miguu: sogea hadi mita 150. Kwenye migunga na vichaka vya upande wa Magu na Busega hutaona mbali zaidi ya hapo hata hivyo.

*Sababu ya nne, ambayo ni adimu,* ni vichwa vya shindano la shabaha, vinavyoandikwa HPBT na mara nyingi "Match". Vina tundu dogo nchani, na watu hudhani ni vya kutanuka. Vimetengenezwa kutoboa karatasi. Ndani ya mnyama hujui vitafanya nini: kimoja kitapita bila kufunguka, kingine kitapasuka juu ya ngozi.

Simama hapa: mnyama aliyejeruhiwa akiingia kwenye matete au kichaka kizito, usimfuate peke yako na usimfuate gizani. Mwite askari wa wanyamapori uliyepangiwa, mwingie naye asubuhi. Kama aliyejeruhiwa ni mnyama hatari, kumfuatilia ni kazi ya huyo askari, yako imekwisha.

Dalili ya pili: nyama imevilia damu, bega zima limepotea

Hili ni tatizo la kinyume. Umefungua mnyama, na kuanzia bega hadi mbavu ya tano ni mabonge meusi ya damu. Sababu kubwa ni kichwa chepesi chenye kasi kubwa kupiga karibu. Chukua .308: greni 150 hutoka na mita 860 hivi kwa sekunde, greni 180 na mita 800. Kwa mita 50, ile nyepesi inapasuka vibaya ikigusa mfupa. Hamia kwenye greni 165 au 180, au kama ni 7x57 hamia greni 160 hadi 175, na utaona tofauti kwenye bucha. Sababu inayofuata ni kulenga mfupa wa bega wakati ungeweza kupitisha nyuma yake kidogo tu, kwenye mbavu.

Kama bado nyama inaharibika, nunua vichwa ambavyo koti la shaba limegandishwa kwenye madini ya risasi yaliyo ndani. Kwenye boksi vinaandikwa "Bonded". Ni ghali zaidi, lakini havimeguki ovyo.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita. Madini ya risasi yanapomeguka, vipande vidogo visivyoonekana kwa macho husambaa mbali na tundu, wakati mwingine zaidi ya kiganja kizima. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Kata na utupe nyama yote iliyovilia damu na eneo la kuizunguka, usiioshe ukadhani imepona, na usiwape mbwa. Anayetaka kulikwepa kabisa tatizo hili anunue vichwa vya shaba tupu na akubali kupiga karibu.

Dalili ya tatu: boksi jipya, na risasi hazigongi mahali pale

Umezoea kugonga katikati. Umenunua boksi lingine, sasa zinakwenda sentimita nane kushoto, au zimetawanyika kama mbegu za ulezi.

Anza na boksi lenyewe. Uzito umebadilika? Kiwanda kimebadilika? Basi bunduki haina kosa. Greni 150 na greni 180 kutoka mtutu ule ule hazigongi pamoja, na mara nyingi tofauti si ya juu na chini peke yake. Hata greni zikilingana, viwanda viwili havilingani. Weka karatasi mita 100, lala, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga tatu, urekebishe darubini. Kwa risasi ya greni 180 ya .308 iliyowekwa sawa mita 100, tarajia kushuka kati ya sentimita 10 na 15 ukifika mita 200. Kisha nunua maboksi ya namba moja ya uzalishaji, kadiri leseni yako inavyoruhusu, uyamalize hayo kabla ya kubadilisha. Watu wanaokusanya risasi moja moja kutoka kwa marafiki, kila moja ya rangi yake, hawana haki ya kulalamika kuhusu shabaha.

Baada ya hapo, shika darubini kwa mkono na ujaribu kuitikisa. Skrubu zilizolegea ni sababu ya pili, na barabara za vumbi zinazilegeza kila safari. Halafu usafishe mtutu: shaba inayobaki ndani huharibu mpangilio polepole, nawe huoni chochote kwa macho mpaka uichomoe kwa dawa yake.

Kuna kijana wa Magu aliniletea karatasi yake ya shabaha imekunjwa mfukoni. "Shikamoo mjomba. Hii bunduki imerogwa." Tuliikunjua juu ya boneti la gari. Matundu matatu kati ya matano hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, umbo kamili la risasi iliyolala ubavu, hata ile ncha yake ilionekana kwenye karatasi. Alikuwa amenunua vichwa virefu vya shaba tupu kwa .308 kuukuu ambayo mistari ya ndani ya mtutu wake inazunguka mara moja kila inchi 12. Mzunguko huo ni wa polepole mno kwa kichwa kirefu kiasi kile, kwa hiyo kinayumba hewani. Alirudi kwenye SP fupi ya greni 150 na uchawi ukaisha.

Kama mtutu wako una mzunguko wa inchi 10, hutapata shida hiyo. 7x57 nyingi za zamani zina mzunguko wa haraka zaidi, karibu inchi 9, kwa sababu zilijengwa kwa vichwa vizito vya greni 173. Namba hiyo mara nyingi imechongwa kwenye mtutu, na isipokuwepo fundi ataipima kwa ufito na kitambaa.

Mpelekee fundi wa silaha aliyesajiliwa kama matundu ni marefu hata kwa vichwa vifupi, au kama mdomo wa mtutu una mkwaruzo au kibonyeo. Usijaribu kuusawazisha kwa msasa.

Dalili ya nne: bega linauma, na risasi zinakwenda chini

Ajabu ni kwamba hata bunduki hizi za upole zinaogopwa. .375 H&H husukuma bega takriban mara mbili ya .308, lakini mwili haujui hesabu. Ukishaumia mara moja, unajikaza kabla ya mlio.

Jipime hivi. Mwenzako akupe bunduki bila wewe kujua kama ameweka risasi chemba, pale inapokaa risasi nyuma ya mtutu, au ameiacha tupu. Ukivuta triga kwenye chemba tupu na mdomo wa mtutu ukainama, umejipata. Dawa ya kwanza si risasi. Bana kitako kikae ndani ya bega, si juu ya mfupa. Vaa kinga za masikio, maana mlio unatisha kuliko msukumo. Hakikisha jicho liko sentimita 8 hadi 10 nyuma ya darubini ili isikukate nyusi. Tia mpira kwenye kitako kama ni cha chuma.

Hapo ndipo tuje kwenye risasi: ondoka greni 180, njoo greni 150, na kwa .30-06 utahisi nafuu mara moja. Kwa 7x57 greni 140 ni laini kiasi kwamba kijana anayejifunza ataizoea. Utapoteza kidogo ukimpiga pofu, ambaye dume lake linaweza kufika kilo 900, lakini pofu hakuwa mnyama wa anayejifunza.

Dalili ya tano: risasi haiingii, au ganda halitoki

Karibu na ziwa chuma na shaba havipumziki. Unyevu wa asubuhi unaingia kwenye kabati, na risasi zilizoachwa kwenye mkanda wa ngozi huota kutu ya kijani kwa sababu ngozi iliyotengenezwa kwa dawa hutafuna shaba. Hiyo kutu ndiyo sababu ya kwanza. Futa kwa kitambaa kikavu. Ikiwa imechimba ganda mpaka vishimo vinaonekana, itenge. Weka risasi kwenye boksi lake ndani ya chombo kinachofunga, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Usizipake mafuta, mafuta hupenya kwenye fataki, ile duara ndogo kitakoni mwa ganda, na kuiua.

Sababu ya pili ni mchanga na uchafu ndani ya chemba. Ya tatu ni ncha laini zilizobondeka ndani ya magazini; hizo zinakwama wakati wa kupanda, lakini zikiingia zitapiga sawa tu kwa umbali wa kawaida.

Ya nne ni hatari: risasi si ya bunduki hiyo. Nimesikia mtu mzima akisema, "Zote ni saba nukta sita mbili, bwana." Si kweli. Risasi ya SMG, yaani AK-47, ni 7.62x39, fupi, na haina kazi kwenye .308, isitoshe kuwa nayo tu mfukoni ni balaa na polisi. .308 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06 ikicheza ndani, na ukifyatua ganda linaweza kupasuka karibu na uso wako. Soma maandishi kwenye kitako cha ganda na maandishi kwenye mtutu. Yasipofanana neno kwa neno, usitie.

Ganda likigoma kutoka baada ya kufyatua, na bolti, kile kifungio cha chemba, imekuwa nzito kuinua, angalia fataki. Ikiwa imelala bapa kabisa imejaa tundu lake, msukumo wa gesi ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mara nyingi risasi zilikuwa zimekaa juu ya dashibodi kwenye jua la mchana. Joto huongeza nguvu ya baruti. Zipoze kivulini, ziweke kando. Ikitokea tena na risasi zilizopoa, usifyatue nyingine. Usipige bolti kwa nyundo wala jiwe. Mpelekee fundi.

Dalili ya sita: umevuta triga, ukasikia "ka" tu

Usifungue. Mdomo wa mtutu ubaki umeelekea mahali salama, hesabu hadi 60 bila haraka. Fataki iliyolowa wakati mwingine huwaka kwa kuchelewa, na ukiwa umeshafungua bolti, ganda linalipukia mkononi. Baada ya hapo toa risasi, uitenge, uirudishe kwa muuzaji mwenye leseni au polisi. Usiirushe ziwani, na usiifukie uani.

Mlio hafifu, kama mtu aliyepasua mfuko wa nailoni, ni mbaya kuliko kutolia kabisa. Huenda kichwa kimebaki katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka. Toa bolti, angalia kupitia nyuma; usipoona mwanga, bunduki imelala mpaka fundi aione. Usikisukume kichwa hicho kwa nondo.

Kuhusu viboko na mamba

Swali hili linatoka Sengerema, Ukerewe na vijiji vya pwani ya Ghuba ya Speke: kiboko anakula mihogo usiku, je, .308 yenye vichwa vigumu inatosha? Jibu ni hapana, na hata ingetosha, si kibali chako. Kiboko aliyejeruhiwa anarudi majini, na kesho yake anakutana na mtumbwi wa mvuvi asiyejua lolote. Mamba ndivyo hivyo hivyo. Mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji, umweleze mnyama gani, alipoonekana, saa ngapi, na kama ameshadhuru mtu au mali. Wakati unasubiri, wasogeze watu mbali na njia yake kati ya maji na shamba, hasa alfajiri, maana kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hashauriani na mtu.